Kindu: Leseni ya kuruka kwa parachuti, ni wapi pa kujifunzia ng'ambo?

Vijana wa Maniema walio masomoni au kwenye biashara nje ya nchi wanakutana na mchezo ambao Kindu haupo: kuruka kutoka kwenye ndege kwa parachuti. Anayetaka kuujifunza mpaka apate leseni huanza kwa kuuliza bei. Lakini kwa mtu atakayerudi siku moja kando ya mto Lualaba, kuna swali linalotangulia bei: akishamaliza kozi, ataruka wapi tena?

Wazee wengi wa mashariki mwa Congo wanapotaja parachuti, hawataji mchezo. Wanakumbuka Novemba 24, 1964, askari wa miavuli wa Ubelgiji waliporushwa juu ya Stanleyville, Kisangani ya leo, kutoka ndege za Marekani. Wengine wanakumbuka Kolwezi, Mei 19, 1978, ilipokuwa zamu ya jeshi la Ufaransa. Kindu yenyewe ina kumbukumbu yake ya uchungu. Novemba 1961, Waitalia 13 waliokuwa wakihudumia Umoja wa Mataifa waliuawa hapa. Walikuwa wametua na ndege mbili za C-119, aina iliyotengenezwa kubeba mizigo na askari wa miavuli.

Swali la kujifunzia wapi nalo si geni kwa Wacongomani. Mwaka 1963 Joseph-Désiré Mobutu, wakati huo mkuu wa jeshi, alikwenda Israeli pamoja na askari wake, akafuata mafunzo ya kuruka na kurudi na alama ya mabawa kifuani. Baadaye jeshi likawa na kituo chake cha mafunzo Ndjili, Kinshasa. Kilichokuja nyumbani hakikuwa mabawa tu: walikuja pia walimu na mahali pa kuendelea kuruka. Raia wa kawaida hana jeshi la kumfanyia hivyo.

Kozi inakwendaje?

Watu wengi huanza kwa mruko wa wawili, ambapo mgeni anafungwa kifuani mwa mwalimu. Huo ni matembezi zaidi kuliko masomo, na haumpi mtu leseni.

Njia ya leseni inayojulikana sana leo ni ile ya Kiingereza inayoitwa AFF. Wafaransa wanaita yao PAC. Mwanafunzi anasoma darasani, kisha anapanda ndege mpaka juu, mara nyingi kati ya mita 3,000 na 4,000. Anaruka na parachuti yake mwenyewe, walimu wakiwa wamemshika pembeni. Wanashuka kwa kasi ya karibu kilomita 200 kwa saa mpaka afungue. Kadiri anavyofaulu, walimu wanamwachia. Njia ya zamani, inayofanana na ya kijeshi, ni ile ya kamba iliyofungwa kwenye ndege: mtu anaruka kutoka chini zaidi, na kamba inafungua parachuti yenyewe.

Kwa chama cha Marekani, USPA, leseni ya kwanza, A, inadai angalau miruko 25, mtihani, na kuthibitisha kwamba mtu anaweza kujiongoza angani, kutua salama na kukunja parachuti yake. Leseni B inadai miruko 50, C 200, na D 500. Kwa hiyo shule ikitangaza kozi ya miruko saba au minane, mwanafunzi ajue kwamba bado amebakiza zaidi ya 15. Hapo ndipo watu wengi wanaishiwa pesa.

Ufaransa na Ubelgiji

Kwa Mcongomani aliyesoma kwa Kifaransa, nchi hizi mbili zina faida ya wazi. Anapoelea chini ya parachuti, mwanafunzi husikia sauti ya mwalimu kwenye redio iliyo karibu na sikio: vuta kushoto, geuka, sasa vuta zote. Hakuna muda wa kutafsiri kichwani. Gap-Tallard kusini mwa Ufaransa na Spa nchini Ubelgiji ni vituo vinavyojulikana na warukaji wa Ulaya.

Lakini neno moja linawachanganya wengi. Ufaransa, "licence" ni uanachama wa mwaka katika shirikisho, pamoja na bima yake. Kinachoonyesha ujuzi ni "brevet". Mtu anaweza kuwa na licence siku ya kwanza kabla hajaruka hata mara moja. Cheti cha daktari pia kinahitajika.

Tatizo lingine ni siku. Viza ya muda mfupi ya Schengen inaruhusu siku 90 ndani ya siku 180, na majira ya baridi ya Ulaya hula siku nyingi. Aliye huko kwa miaka kadhaa ya masomo anaweza kusubiri jua. Aliyekwenda kwa wiki tatu hawezi.

Marekani, Dubai na Afrika Kusini

Florida, Arizona na California zina vituo vikubwa na siku nyingi nzuri kwa mwaka, na leseni ya USPA inakubalika katika nchi nyingi. Anayepata viza na kusikia Kiingereza vizuri anaweza kumaliza haraka. Dubai, ambako wafanyabiashara wa Kivu na Maniema wanakwenda kununua bidhaa, ina shule jangwani. Hata hivyo, kiangazi cha huko ni kikali sana, na anayekwenda kwa biashara aangalie vizuri ni miezi gani shule inafunza. Afrika Kusini ina chama chake, PASA, na vituo vingi, vyote kwa Kiingereza.

Diani, jirani zaidi

Katika Afrika Mashariki, jina linalotajwa zaidi ni Diani, pwani ya kusini ya Kenya. Warukaji wanapaa kutoka Ukunda na kutua karibu na bahari. Pale kuna miruko ya watu wawili na pia kozi ya AFF. Anayefika kupitia Mombasa anaweza kuvuka kwa kivuko cha Likoni, jambo ambalo halitamshangaza mkaaji wa Alunguli aliyezoea kuvuka maji ili afike mjini.

Congo ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mtu wa Kindu atajieleza sokoni na kwenye teksi kwa Kiswahili. Darasani mambo ni mengine: aulize mapema kozi inatolewa kwa lugha gani. Aulize pia kuhusu upepo wa bahari. Kanuni za USPA haziruhusu mwanafunzi kuruka upepo wa chini unapopita kama kilomita 22 kwa saa. Siku inaweza kuwa na jua zuri na bado wanafunzi wakakaa chini.

Mambo ya kuuliza kabla ya kulipa

Kwanza, bei ya miruko yote 25, si ya kozi tu. Mruko ulioshindikana unarudiwa kwa bei gani? Kukodi vifaa baada ya kozi ni kiasi gani? Siku za kusubiri hali ya hewa nazo zina gharama: chumba na chakula.

Pili, vifaa. Kila mrukaji hubeba parachuti mbili, kubwa na ya akiba. Ile ya akiba hukunjwa na fundi mwenye cheti. Marekani sheria inataka ikaguliwe na kukunjwa upya kila siku 180. Mwanafunzi awe pia na kifaa kinachofungua parachuti ya akiba chenyewe kama amepoteza fahamu. Shule nzuri haikasiriki ikiulizwa haya.

Tatu, bima. Bima nyingi za safari hazilipi ajali ya mchezo huu. Mguu uliovunjika ng'ambo unaweza kugharimu kuliko kozi nzima, na bili hiyo mara nyingi inaangukia familia iliyobaki Kindu.

Nne, karatasi. Kila mruko uandikwe kwenye daftari na kutiwa sahihi. Bila daftari, shule nyingine itamrudisha mtu nyuma.

Leseni inayolala kabatini

Kindu haina kituo cha raia cha kuruka, na leseni ya mchezo huu haifanani na diploma inayotundikwa ukutani. USPA inashauri kwamba mwenye leseni A aliyekaa zaidi ya siku 60 bila kuruka arudi kwanza chini ya uangalizi wa mwalimu. Mwili unasahau upesi, na angani kosa halina muda wa kurekebishwa.

Hapo hesabu inabadilika. Anayeishi Liège au Lyon kwa miaka mingi hana sababu ya kusafiri mbali: ajifunze hapo alipo, kwa Kifaransa, na aruke kila mwezi. Anayeishi Dubai vivyo hivyo. Lakini anayemaliza masomo mwaka huu na kurudi Maniema afikirie Diani, hata kama shule ya mbali ina punguzo. Kituo anachoweza kukirudia kila mwaka bila viza ngumu kitamlinda kuliko cheti kutoka nchi ambayo huenda asiione tena.

Na kwa yule anayetaka tu kujua hofu ile ikoje, mruko mmoja wa wawili unatosha. Pesa zinazobaki zina kazi nyingine nyumbani.