Kiini Kimoja kwa Kazi Moja

Kompyuta ndogo iitwayo Raspberry Pi 4, iliyotolewa mwaka 2019, ina viini vinne vya kufanyia kazi, na Linux ndiyo igawayo kazi hizo. Hapa Iguguno ningeifananisha na bomba lenye koki nne: moja ikitengewa jiko, mpishi hangoji foleni ya ndoo. Amri ya isolcpus=3, isomwayo kompyuta inapowaka, huzuia kazi za kawaida zisigawiwe kiini cha mwisho (hesabu huanzia sifuri). Ndipo kwa taskset twaiweka humo kazi isiyoweza kungoja, kama kuongoza mota. Lakini mpishi akipumzika, koki yake hukaa bure, na ndoo zetu zagombea tatu. Wala kiini hicho hakifungwi kabisa: Linux yenyewe bado hukibishia hodi kwa vishughuli vyake.