Kukubali Hali Yako: Maana Yake Ni Nini?



Mara nyingi tunapotembelea vikundi tunasikia watu wakimwambia mgonjwa au mfiwa, "Kubali tu, ndiyo maisha." Neno hili ni jema, lakini likisemwa haraka laweza kuumiza. Tunalijua hilo kwa sababu sisi wenyewe tumelisema vibaya.

Miaka kadhaa iliyopita mama mmoja wa kikundi cha kufuga kuku upande wetu alipimwa damu, akaambiwa ana virusi vya ukimwi. Alipotujia tulimwambia akubali mapenzi ya Mungu, tukaomba naye, akaenda zake. Baadaye sana alitueleza alivyotuelewa: ati mambo yake yamekwisha, aende nyumbani akangoje kufa. Hapo tulikosea. Hatukumwuliza hata swali moja.

Sasa basi, tueleze vizuri. Mwaka 1969 daktari mmoja mzaliwa wa Uswisi, Elisabeth Kübler-Ross, alitoa kitabu kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa mahututi huko Chicago. Aliona kwamba mtu akipata habari mbaya kwanza hukataa: "Si mimi, wamechanganya damu." Kisha hukasirika. Kisha hujaribu kupatana na Mungu: ukiniponya nitafanya hivi na vile. Halafu huzuni humshika, na mwishowe hukubali. Katika masomo yetu ya diploma tulifundishwa mambo haya kama ngazi, hatua moja baada ya nyingine. Huku vijijini hatujaiona ngazi hiyo. Tunaona mtu amekubali Jumapili, na Jumatano amekasirika tena na watoto hawamkaribii. Kwa hivyo msihesabu hatua za mtu.

Yule mama alikataa kwa karibu miaka miwili. Dawa alizificha ndani ya debe la mahindi. Kituo cha afya kilikuwa karibu, lakini alikipita akapanda matatu mbili hadi mjini ili asionekane na watu wa kwao, na nauli ikikosekana, dawa nazo zinakosekana. Kisha akasikia habari za kesha moja, akaenda, akaambiwa amepona na dawa azitupe. Akazitupa. Sisi tunaamini maombi, lakini anayemwambia mgonjwa atupe dawa anamwua, na tunasema hivyo bila kuona haya. Baada ya miezi michache kifua kikuu kilimwangusha.

Tulipokuwa tukimtembelea tulijifunza kwamba kilichomchosha zaidi hakikuwa ugonjwa. Kilikuwa ni kuficha, na kuuliza kila usiku swali lile lile: ni nani aliyeniletea? Mume alikuwa amekwisha kufa, hakuna wa kumjibu. Siku moja alituambia, "Nimechoka kukimbizana nayo. Iko. Basi iko." Hakusema amefurahi, wala hakusema amemsamehe kila mtu. Alisema iko. Wiki hiyo, kwa maneno yake mwenyewe, ndipo alipoanza kulala usiku.

Angalieni alichopata kwa kusema hivyo. Ukimwi ulipotambuliwa mara ya kwanza hapa Kenya mwaka 1984, na hata ulipotangazwa kuwa janga la taifa Novemba 1999, mtu wa kijijini hakuwa na dawa ya kutegemea. Ilikuwa vigumu kumwambia mtu akubali. Lakini tangu 2006 dawa za kupunguza makali zimekuwa zikitolewa bila malipo katika hospitali za serikali, na tangu 2016 anayepatikana na virusi huanzishiwa dawa bila kungoja adhoofike. Wengi sasa humeza tembe moja kwa siku. Akizimeza vizuri, virusi hupungua hadi vipimo haviwezi kuvihesabu, na akibaki hivyo hamwambukizi mwenzake kwa kulala pamoja. Mama mwenye virusi anaweza kuzaa mtoto asiye navyo. Yote haya yanadai umeze dawa kila siku, na mwenye kuficha hawezi kumeza kila siku. Wageni wakija hamezi. Akienda matangani hamezi.

Sasa kuna jambo lingine, nalo tunaomba wazee watusikilize. Shemeji wa mama huyu alianza kulima kipande cha shamba alichoachiwa na mumewe, akisema mgonjwa hana haja nacho. Wengine wakamwambia mama: kubali, usilete fitina. Hapana! Tulimwuliza hivi: jambo hili limekwisha kutokea, au kuna mtu anayelitenda sasa? Virusi vimekwisha kuingia, hakuna wa kuvirudisha. Lakini shemeji ana jembe mkononi leo, na anaweza kuambiwa aliweke chini. Mama alikwenda kwa chifu, na wenzake wanne wa kikundi wakamsindikiza. Shamba lilirudi. Vivyo hivyo kazini: sheria ya mwaka 2006 ya kuzuia ukimwi inakataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu ya virusi peke yake. Msimshauri mtu kukubali asichopaswa kukubali.

Siku hizi dawa zake huziweka mezani kando ya redio, naye humeza taarifa ya habari ya saa tatu usiku inapoanza. Bado ana siku mbaya. Anasema akimwona msichana wa umri ule aliokuwa nao alipoolewa, moyo humpanda.

Mwaka jana alisimama mkutanoni akaomba siku ya kukutana ibadilishwe, kwa kuwa Jumanne ni siku yake ya kliniki. Alitaja na ni kliniki gani. Kulikuwa na kimya kidogo. Kisha mweka hazina akasema Jumanne hata yeye haimfai, ni siku ya soko, na katibu akaandika Alhamisi.