Casualty: Dakika Ambazo Kamera Inazikata

Leo tuongelee tamthilia ya Waingereza inayoitwa Casualty, hasa msimu wake wa kwanza, halafu tushuke nayo mpaka ziwani kwetu. Najua kuna mtu kashaanza kuuliza, "Casualty na sato wapi na wapi?" Vuta kiti, lipia nusu saa nyingine, utaona.

Kwa wasioijua: Casualty inahusu kitengo cha dharura cha hospitali, pale majeruhi wa ajali anapofikishwa kwanza kabla hajapelekwa wodini. BBC walianza kuirusha tarehe 6 Septemba 1986 na haijaisha mpaka leo. Mji wake unaitwa Holby, usiutafute kwenye ramani, ni wa kubuni. Walikuwa wanapiga picha Bristol mpaka 2011 walipohamia Cardiff. Nesi Charlie Fairhead, anayechezwa na Derek Thompson, alikuwepo tangu kipindi cha kwanza na akaaga Machi 2024. Yani mtu anazaliwa, anasoma, anaoa, anapata watoto, Charlie bado yuko zamu!

Msimu wa kwanza una vipindi 15, vya Septemba hadi Desemba 1986, na stori yake ni zamu ya usiku. Waandishi wake, Jeremy Brock na Paul Unwin, walikuwa vijana waliokasirishwa na hali ya NHS, ile huduma ya afya ya taifa ambayo Waingereza waliianzisha mwaka 1948 ili mgonjwa atibiwe bila kulipa dirishani. Waliona inabanwa fedha. Kwa hiyo ukiacha mapenzi ya manesi na madaktari, kinachogombaniwa msimu mzima ni kitu kimoja: kitengo cha usiku kisifungwe. Wakati huo waziri mkuu alikuwa Margaret Thatcher, na ndani ya chama chake kulikuwa na watu ambao tamthilia hii haikuwafurahisha hata kidogo. Mimi msimu ule niliuangalia wote kwenye diski za kukodi, na kuna kitu kimoja kilinikaa kichwani kuliko vyote.

Kitu chenyewe ni hiki. Casualty ina mtindo wake. Kipindi hakianzii hospitali, kinaanzia mtaani. Unamwona baba anapanda ngazi kurekebisha paa, unaona watoto wanacheza karibu na maji, unaona jamaa anaendesha huku anagombana na mkewe. Unakaa unakisia: ni nani atakayeumia? Halafu inatokea. Kelele! Kamera inakata. Picha inayofuata ni king'ora, machela na milango ya hospitali inafunguka.

Hapo kwenye kukata ndo penye somo letu la leo. Kwa Mwingereza, kamera inaruka dakika chache tu. Anapiga 999, gari la wagonjwa linakuja. Lengo walilojiwekea leo England kwa wagonjwa wa hatari zaidi ni wastani wa dakika 7. Hawalifikii kila siku, lakini lipo, na watu wanalipigia kelele likikosekana.

Sasa weka kamera hiyo Ukara. Mtu kazama. Kamera ikikata hapo, inaruka nini? Inaruka mtumbwi, inaruka kivuko cha kwenda Ukerewe, inaruka meli ya kutoka Nansio hadi Mwanza ambayo peke yake ni kama saa tatu, inaruka na kupandisha kilima mpaka Bugando. Wakati huohuo ubongo wa binadamu ukikosa oksijeni unaanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Fanya hesabu mwenyewe.

Sisemi hivi kuwalaumu madaktari wetu. Bugando ipo tangu 1971 na inahudumia Kanda ya Ziwa nzima. Ila tukumbuke kwamba udaktari wa dharura kama fani ni mgeni hapa kwetu. Idara kamili ya tiba ya dharura Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2010, na mwaka huohuo chuo cha MUHAS kikaanza kusomesha mabingwa wa fani hiyo. Wakati huo Charlie alikuwa na miaka 24 kazini. Na kuna jambo jema lililoanzia hukuhuku kwetu: mfumo wa m-mama wa kuwawahisha hospitali wajawazito na watoto wachanga ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kutangazwa kwa nchi nzima mwaka 2022. Namba yake ni 115, na pale gari la wagonjwa lisipopatikana wanatumia madereva wa kawaida wa eneo husika. Hiyo ni kwa mama na mtoto. Kwa aliyezama, namba ya Zimamoto na Uokoaji ni 114 na ya polisi ni 112. Piga. Lakini wakati unasubiri, aliye karibu ni wewe.

Historia ya ziwa letu inasema hivyohivyo. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imebakiza safari fupi kufika Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. MV Nyerere ilipinduka tarehe 20 Septemba 2018 ikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara: walikufa watu 228, wakaokolewa 41. Halafu tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air ikaangukia ziwani jirani na uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43. Walikufa 19, wakatoka hai 24. Nani walifika kwanza? Wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alisifiwa nchi nzima na baadaye akachukuliwa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Na hizo ni zile zilizotangazwa. Sisi nasi tuna zamu yetu ya usiku. Simama Bwiru au Capri Point usiku wa giza, utaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga ziwani utadhani ni mji mwingine. Akidondoka mmoja pale saa nane usiku, hakuna redio itakayotangaza.

Sasa tuje kwenye pointi: hizi tamthilia za hospitali zinatufundisha nini, na nini wanatudanganya?

Uongo wa kwanza ni ile mashine ya kushtua moyo, zile kama pasi mbili. Kwenye TV mstari unanyooka, piiiii, daktari anapaza sauti watu wakae mbali, mgonjwa anaruka, anafumbua macho. Ukweli ni kwamba mstari ukishanyooka kabisa mashine ile haisaidii. Kazi yake ni kutuliza moyo unaotetemeka ovyo ili ushike tena mapigo yake. Moyo uliosimama unahitaji kubonyezwa kifua, hewa na dawa.

Uongo wa pili ni ule wa vibanda vya video: stelingi hafi. Mwaka 1996 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa watu waliokaa chini wakaangalia vipindi 97 vya ER, Chicago Hope na Rescue 911 vya Marekani. Waliohesabiwa kubonyezwa kifua ni 60, na robo tatu yao wakazinduka palepale. Hospitali za kweli hazijui bahati hiyo. Waingereza nao walipimwa mwaka 1998, Casualty ikiwemo, na kule aliyezinduka alikuwa kama mmoja kati ya wanne. Angalau hao hawakutudanganya sana.

Usije ukaelewa vibaya ukasema basi haina maana kujaribu. Aliyezama ni tofauti na mzee wa kwenye TV aliyeshika kifua mezani. Yule moyo ndo ulioanza kugoma. Aliyezama alikosa hewa kwanza, moyo ukafuata. Kwa hiyo akipewa hewa mapema anaweza kurudi, na mara nyingine anarudi kwa kupuliziwa tu, kabla moyo haujasimama. Ndiyo maana ule ushauri unaozunguka mitandaoni kwamba bonyeza kifua tu, achana na mambo ya mdomo, haumtoshi mtu wa ziwani. Huyu anahitaji pumzi.

Na sisi mwaloni tuna filamu yetu pia. Nimeshashuhudia kijana katolewa majini, watu wanamshika miguu wanamning'iniza kichwa chini, wengine wanamkandamiza tumbo "atapike maji". Wote wale walikuwa na nia njema. Lakini maji yaliyoingia kwenye mapafu huwa si mengi na hayamwagiki kama ya kwenye dumu. Kinachotoka ukikandamiza tumbo ni vya tumboni, na vikipita njia mbaya vinaingia mapafuni. Juu ya yote, unapoteza zile dakika 4.

Cha kufanya ni hiki. Kiandike hata nyuma ya daftari.

Kwanza, usiruke majini kichwakichwa. Anayezama hukukumbatia mkaenda wote. Mrushie dumu tupu lililofungwa kifuniko, kamba, kasia, chochote kinachoelea au kinachofika.

Pili, akitoka, mlaze chali mahali pagumu. Mwite, mtikise mabega. Tazama kifua kama anapumua, usizidishe sekunde 10. Kukoroma mara mojamoja kama samaki nchi kavu hakuhesabiki kuwa ni kupumua. Hapohapo mtume mtu mwingine apige simu na atafute boti au gari. Wewe usiondoke.

Tatu, kama hapumui, inamisha kichwa chake nyuma, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni. Kila moja hakikisha kifua kinapanda. Kisipopanda, rekebisha kichwa.

Nne, bado kimya? Weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyoosha mikono, bonyeza mara 30 kwa nguvu, kina cha sentimita 5 hivi, mwendo wa karibu mara mbili kila sekunde. Kisha pumzi 2. Kisha 30 tena. Mtoto mdogo tumia mkono mmoja. Ni kazi ya jasho, pokezaneni kila dakika 2, na msiache mpaka apumue au mhudumu awapokee.

Tano, akipumua, mlaze ubavu, mvue nguo zilizolowa, mfunike. Hata akisema "niko fresh, naenda nyumbani", mpelekeni hospitali. Mapafu yaliyoguswa na maji yanaweza kubadilika baada ya masaa, watu wakiwa wameshalala.

Kusoma hapa si sawa na kufanya kwa mikono. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania hufundisha huduma ya kwanza, watafuteni. Na kabla ya yote hayo, jaketi la kuokolea, lile la rangi ya machungwa, livaliwe kifuani. Likiwa limekaliwa kama mto wa kiti halimsaidii mtu.

Nirudi kwa Brock na Unwin. Wao walilia kitengo cha usiku kisifungwe kwa sababu walijua ajali haisubiri asubuhi. Kwetu madai yanaweza kuanza na vitu vidogo: kila mwalo uwe na dumu na kamba ndefu vilivyotundikwa mahali panapojulikana, namba ya mwenye boti ya injini iandikwe ukutani, na angalau watu wawili wa zamu ya usiku wawe wamefundishwa. Vikundi vya BMU vipo mialoni, vina viongozi na vinafanya mikutano. Ajenda hiyo haihitaji mfadhili kutoka Ulaya.

Kwa hiyo mdau, siku ukikaa kuangalia Casualty au tamthilia yoyote ya hospitali, kamera ikikata kutoka kwenye ajali kwenda kwenye milango ya hospitali, jiulize: hapa katikati kulikuwa na nani, na alikuwa anajua nini?

Naomba kuwasikia walioko Ukerewe, Kome, Maisome, Musoma, Bukoba na Kirumba mwaloni. Kwenu mtu akizama nani anaitwa kwanza, na anafika kwa muda gani? Andikeni hapo chini, na manesi na madaktari mnaopita hapa tujazieni nilipopunguza. Tuko pamoja.