Jeti ya Kwanza ya Abiria Ilipotua Entebbe

Kati ya London, Uingereza, na Johannesburg, Afrika Kusini, upo umbali wa kilometa 9,000 na zaidi kidogo, ukipimwa kwa njia fupi inayofuata mviringo wa dunia. Ndege za siku hizi huukata umbali huo bila kutua, kwa muda wa saa 11 hivi.

Zamani abiria walihesabu siku. Mwaka 1932, shirika la Imperial Airways lilipoanza safari za London na Cape Town, mwendo ulichukua siku 11 hivi, na kipande kimoja huko Ulaya walipanda garimoshi. Mwaka 1937 zikaja ndege za majini, ambazo zilitua juu ya ziwa letu, pale Port Bell na Kisumu.

Ndipo ilipofika tarehe 2 Mei 1952. Siku hiyo ndege aina ya Comet, mali ya BOAC, iliondoka London ikiwa na abiria 36. Hiyo ndiyo safari ya kwanza duniani ya ndege ya jeti yenye ratiba na abiria wa kulipa nauli. Ilitua Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, ikafika Johannesburg kabla ya saa 24 kutimia. Ilitua mara nyingi hivyo kwa kuwa jeti za mwanzo zilikula mafuta mengi mno. Watoto wetu shuleni wangefaa kuambiwa kwamba Entebbe ilikuwamo katika safari ile.

Lakini mbio hizo zilidai roho za watu. Tarehe 10 Januari 1954 ndege ile ile ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba, wakafa watu wote 35. Mwezi Aprili Comet nyingine ikaangukia baharini kusini mwa Italia, wakafa 21. Wataalamu wakauzamisha mwili wa Comet katika tangi kubwa la maji, wakautia shinikizo na kulipunguza, tena na tena, mpaka bati likapasuka kwenye kona ya tundu la dirisha. Kumbe madini nayo huchoka, kama waya unaopindwa huku na huku hadi ukakatika. Ndege zote zilizofuata zimeundwa kwa kuzingatia jambo hilo.

Siasa nayo iliwahi kurefusha njia. Mwaka 1963 nchi nyingi huru za Afrika zilizifungia anga ndege za Afrika Kusini kwa ajili ya ubaguzi wa rangi, nazo zikalazimika kuzunguka Afrika ya Magharibi juu ya bahari.

Sasa neno kwa jamaa wanaokwenda kumlaki askari arudiye kutoka masomoni. London na Entebbe zimeachana kilometa 6,500 hivi, yaani saa nane na nusu za kuruka. Ndege ikiondoka London saa tatu usiku, mwezi Desemba, msihesabu kwamba itatua saa kumi na moja na nusu alfajiri. Saa zetu hutangulia zao kwa saa tatu wakati huo, na mbili katikati ya mwaka. Itatua saa mbili na nusu asubuhi. Basi watoto waacheni walale, wanywe na chai kwanza.