Boliti ya Mkono wa Nyuma Ikigoma Kutoka

(Muziki wa kipindi, sekunde 15, kisha unashuka)

MTANGAZAJI: Leo naongea na vijana wa boda, na pia na mama zao na wake zao, maana pikipiki ikilala siku tatu, sufuria nayo inalala.

Unapakia abiria, unakata kona, mkia wa pikipiki unayumba. Isimamishe kwenye stendi kubwa, shika gurudumu la nyuma, lisukume kushoto na kulia. Likicheza pamoja na ule mkono unaolishika, ambao mafundi wanauita swingiamu, mara nyingi bushi zimekwisha. Bushi si shida sana. Shida ni boliti ndefu inayopita katikati yake, kutoka upande mmoja wa fremu hadi wa pili. Nati inafunguka vizuri, halafu boliti yenyewe haitoki.

Mimi nilikutana nayo kwenye pikipiki ya kukodi. Nilichukua nyundo ndogo nikaipiga ncha yenye nyuzi mpaka ikatanuka kama uyoga. Sasa haikuweza kupita kwenye tundu la fremu, wala nati haikurudi. Siku nne sikupeleka hesabu kwa mwenye pikipiki, na boliti nikailipa mimi.

Sikujua imeshikwa wapi. Katika pikipiki nyingi, ndani ya bushi kuna raba, na ndani ya raba kuna kibomba cha chuma. Boliti inapita humo kwa kubanana. Maji ya mvua na ya kuoshea yanaingia, chuma kinashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Boliti inagandana na kibomba karibu urefu wote. Ukigonga, raba inameza nguvu yako.

(Sauti: spana ikizungusha chuma kikavu, sekunde 5)

Kwa hiyo anza na mafuta, jioni. Yale ya kopo ya kulegeza kutu ni bora. Ukikosa, changanya dizeli na oili kidogo ya injini. Safisha matope kwanza, tia pande zote mbili, rudia kabla ya kulala. Najua kungoja ni kugumu mtu akiwa anadaiwa, lakini usiku mmoja ni nafuu kuliko siku zangu nne.

Asubuhi weka kipande cha mbao chini ya tairi la nyuma mpaka uzito usiikandamize boliti. Halafu usigonge. Zungusha. Vaa spana kwenye kichwa cha boliti, peleka mbele kidogo, rudisha, ongeza mafuta. Ukilegeza mkono na spana ikarudi yenyewe, ni raba inajikunja, boliti bado. Ikibaki pale ulipoiacha, imeachia. Saa nzima ya kwenda na kurudi si ajabu.

Ikishaachia, rudisha nati mpaka ilingane na ncha ya boliti, ili nyuzi zilindwe. Weka kipande cha mti mgumu juu yake, mwenzako ashike pikipiki isianguke, na upige kwa nyundo nzito. Pigo moja zito lililonyooka linafaa kuliko ishirini za nyundo ndogo. Nati ikikaribia fremu, itoe, umalizie kwa chuma cha duara kilicho chembamba kuliko boliti. Vaa miwani, hata ya jua. Chembe ya chuma haichagui jicho.

Kuna wanaokimbilia moto. Kwa hili nasema wazi: usiwashe moto nyumbani. Tangi la petroli liko juu kidogo tu ya hapo, boliti umeshailowesha dizeli, raba inashika haraka, na wengi wetu tunaishi karibu na turubai. Kama lazima moto, peleka kwa mchomeleaji. Tangi litolewe na kuwekwa mbali, mafuta yafutwe, ndoo ya mchanga iwe karibu.

Ikishindikana kabisa, ikate. Kuna upenyo mwembamba kati ya fremu na mkono, pande zote mbili. Jembe la msumeno wa chuma likitolewa kwenye mpini wake, ukalizungushia kitambaa mkononi, linaingia. Utapoteza boliti na bushi, ila fremu itabaki nzima.

Boliti mpya iwe ya aina ya pikipiki hiyo. Nimeona watu wakichonga nondo ya kujengea na kuipitisha pale. Nondo haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Inaliwa, inapinda, na siku itakapokatika nyuma yako kuna mama na mtoto mgongoni.

Wakati wa kurudisha, sugua kutu kwa msasa, paka grisi nyembamba urefu wote wa boliti, lakini nyuzi ziwe kavu. Nati usiikaze mwisho mpaka pikipiki ishuke na kusimama kwa magurudumu yake. Ukiikaza mguu wa nyuma ukining'inia, raba itakaa imejikunja na itapasuka mapema. Kazi ya siku ya kwanza ikiisha, pitisha spana tena kwenye nati. Mvua zikimalizika, ichomoe, ifute, ipake grisi upya.

(Muziki unapanda. Mwisho wa kipindi.)