Mwenye Maji, Mwenye Ardhi

Katika falaji nyingi za Omani, mtu anaweza kumiliki maji asimiliki hata mtende mmoja. Falaji ni mfereji unaoteremsha maji kutoka chini ya ardhi au kutoka bondeni hadi mashambani bila pampu. Ya Daris, pale Nizwa, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006 pamoja na nyingine nne, mojawapo ikiwa al-Jila upande wa Sur. Maji hupita kwanza panapochotwa ya kunywa, kisha huingia mashambani kwa zamu. Kinachogawanywa ni muda: kipimo chake, athar, ni kama nusu saa, na zamani mchana ulipimwa kwa kivuli na usiku kwa nyota. Hisa hurithiwa, huuzwa, huwekwa wakfu. Nyingine ni mali ya falaji yenyewe, na hupigwa mnada ili zipatikane fedha za kuusafisha mfereji.

Kwa anayesomea siasa za rasilimali, hapo ndipo pa kuanzia. Kujua maji yako wapi ni kazi ya mtaalamu wa miamba. Mwanafunzi wa siasa atauliza ni nani mwenye zamu, nani aliyempa, na ugomvi ukizuka nani ataamua.

John C. Wilkinson, Mwingereza, aliyafikia maji kwa njia ya mafuta. Alifanya kazi katika sekta ya mafuta huko Ghuba kabla ya kuwa mwalimu wa jiografia Oxford, na mwaka 1977 akatoa kitabu kuhusu maji na makazi ya makabila ya Omani. Miaka kumi baadaye kikafuata kingine juu ya Uimamu, yaani utawala wa Imamu. Msomaji wa haraka atadhani alihama fani, akaacha mifereji akaingia dini na siasa. La hasha. Falaji ikibomoka, ukoo mmoja hauwezi kuitengeneza peke yake. Panahitajika fedha nyingi na mwamuzi anayekubalika, na hapo ndipo Imamu anapoingia. Imamu Saif bin Sultan, ambaye majeshi yake yaliiteka Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, husifiwa katika tarehe za Omani kwa kuchimbisha falaji na kupandisha mitende. Sisi wa Pwani tumezoea kukumbuka habari ya kwanza tu, lakini hazina ilikuwa moja.

Halafu mafuta. Kwa Mkataba wa Sib wa 1920, Sultani alibaki na pwani, na watu wa bara, kuanzia Nizwa hadi Sharqiyah, upande wa mashariki, kwa kabila la al-Harthi, wakaendesha mambo yao chini ya Imamu. Mwaka 1937 Sultani Said bin Taimur akaipa kampuni idhini ya kutafuta mafuta katika nchi ambayo, kwa sehemu kubwa, mkono wake haukuifikia. Idhini ya namna hiyo haina faida mpaka mtu aufungue mlango. Imamu wa wakati huo, al-Khalili, alifariki 1954. Mwaka huohuo watu wa kampuni wakaelekea Fahud, huko bara, na askari wao, na Desemba 1955 majeshi ya Sultani yakaingia Nizwa. Kisima cha kwanza cha Fahud, kilichoanza kuchimbwa 1956, kikatoka kitupu! Mafuta hayakusafirishwa nje hadi 1967. Kinachopiganiwa mara nyingi ni tumaini la mali, na mali yenyewe huja baadaye, ikija.

Mipaka nayo ina hadithi hiyohiyo, na Wilkinson aliiandikia kitabu mwaka 1991. Bedui anadai visima na malisho, na malisho huifuata mvua. Kampuni inataka mstari, kwa sababu mkataba lazima uishie mahali. Waingereza wakauchora.

Baharini mstari hauchoreki, basi wenyeji wa bandari ya Sur walitumia bendera. Majahazi yao, yaliyokuwa yakija kwetu na kaskazi, mengine yalipeperusha bendera ya Ufaransa ili yasipekuliwe na manowari za Kiingereza zilizosaka biashara ya watumwa. Kesi ya Uingereza na Ufaransa ilifika The Hague, ikaamuliwa 1905, na Ufaransa ikabanwa isigawe bendera kama ilivyopenda. Wenye majahazi hao ningewaita wajuzi wa siasa za dunia, ingawa biashara ambayo baadhi yao waliificha chini ya bendera hiyo haina cha kusifiwa.

Kitabu cha Wilkinson cha 2015 kinawafuata Waarabu hadi ndani ya Afrika, wakati Wazungu walipokuwa wakiigawana. Mizizi ya baadhi ya koo za Waarabu hao iko Sharqiyah: Rumaliza, mfanyabiashara wa Ujiji, alikuwa al-Barwani, na ukoo huo ni wa Ibra. Anayetaka kuiendeleza kazi hii lazima asome hati za Kiarabu, barua za makonsuli zilizoko London, na nyaraka za Zanzibar. Tena aweze kuzungumza na wazee wa Ibra na Sur, na baadhi yao watamjibu kwa Kiswahili.