Je, Wajua? Mtoto wa Buna Anaposema Tumbo Linauma

Je, wajua kwamba kwa Waborana buna ni kahawa, na kwamba neno hilo lina undugu na buni yetu? Mji wa Buna uko kaskazini mwa kaunti ya Wajir, kwenye njia ya Moyale. Kutoka hapo hadi Wajir mjini ni zaidi ya kilomita 100. Hadi Mathari, hospitali ya Nairobi iliyoanza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, ni zaidi ya 600. Mtoto wa Buna mwenye ugonjwa wa akili hataanza kwa daktari bingwa. Ataanza kwa muuguzi au afisa wa kliniki wa pale pale, na kwa huyo ndiko matumaini yangu yaliko.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana saba wa miaka 10 hadi 19, mmoja ana ugonjwa wa akili. Utafiti wa kitaifa wa Kenya uliotolewa 2022 uliwahusu wenye miaka 10 hadi 17. Asilimia 44.3 walikuwa wamepata tatizo la afya ya akili katika mwaka uliotangulia, na asilimia 12.2 walitimiza vigezo vya ugonjwa wenyewe. Wasiwasi ndio uliotia fora.

Lakini je, wajua kwamba ni nadra mtoto kuingia zahanati akasema ana wasiwasi? Husema tumbo linauma. Chukua msichana wa darasa la tano. Mama yake amehesabu: mara tatu mwezi huu, kila mara asubuhi, kila mara siku ya shule. Kipimo cha malaria hakionyeshi kitu, choo ni safi, mwili hauna joto. Anapewa panadol na dawa ya minyoo, na wiki ijayo yuko kwenye benchi lile lile. Hadanganyi. Hofu hulivuruga tumbo kwelikweli, na maumivu anayoyasikia ni maumivu. Kilichokosekana ni maswali mawili matatu: siku za likizo linauma? Usiku unalala? Kuna mtu anakutisha? Vivyo hivyo kwa mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani kisha akaanza upya. Nyumbani ataitwa kikojozi, na wenzake watamcheka, ilhali pengine mwili wake unasema jambo ambalo mdomo umeshindwa kulisema. Kwa mvulana mkubwa huzuni mara nyingi huvaa sura ya hasira, na hapo ndipo hupelekwa kwa mwalimu wa nidhamu badala ya zahanati.

Maneno nayo yana kazi yake. Kwa Kisomali waali ni wazimu, na hakuna mzazi anayetaka neno hilo liandikwe kwenye kadi ya bintiye anayelia usiku. Yapo mengine yasiyochoma: murugo, huzuni, welwel, wasiwasi. Katika kambi za Dadaab kule Garissa, zilizoanza kufunguliwa 1991, lilienea neno buufis. Ni hamu ya kuhamishiwa ng'ambo inayomjaa mtu kama upepo, na ndoto hiyo ikivunjika humwacha ameporomoka. Mwanaanthropolojia Cindy Horst aliandika kulihusu kwa kina. Muuguzi anayeuliza kuhusu murugo atajibiwa. Akiuliza kuhusu waali, mazungumzo yamekwisha.

Je, wajua kwamba kifafa, ingawa ni ugonjwa wa ubongo, kimewekwa pamoja na magonjwa ya akili katika mwongozo ambao Shirika la Afya Duniani liliutoa 2010 kwa wahudumu wasio mabingwa? Kuna sababu njema. Mtoto mwenye kifafa hufichwa, huachishwa shule na kutafutiwa majini, kama vile Pwani degedege ilivyodaiwa kuwa ni nyuni, ndege anayemkamata mtoto. Wakati huohuo fenobabitoni, dawa ya bei nafuu iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, ingali inafaa. Shida yake ni moja: mtu akiiacha ghafla, mishtuko huweza kurudi kwa nguvu na kumuua. Sasa fikiria familia inayohama na ngamia kufuata mvua.

Fumbo hilo Wajir ililifumbua zamani kwa ugonjwa mwingine. Mwaka 1976 Annalena Tonelli, Mwitaliano aliyekuwa akiishi huko, aliona wafugaji wenye kifua kikuu wakianza dawa na kuondoka kabla ya kuzimaliza. Hakuwalaumu, wala hakuwafungia wodini. Aliwaacha wajenge vibanda vyao vya kuhamahama karibu na kituo, waishi humo na jamaa zao, na kila siku wameze dawa mbele ya mhudumu. Pakaitwa TB Manyatta, na utaratibu huo ukaja kujulikana mbali sana na Wajir. Tonelli aliuawa Borama, Somalia, Oktoba 2003, mwaka ule ule alioipata tuzo ya Nansen ya wakimbizi. Kila ninaposoma kwamba wafugaji hawawezi kufuata tiba ya muda mrefu, namkumbuka yeye na vibanda vile.

Kuna swali moja zaidi ambalo muuguzi asiliogope, la kujiua. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinapingana na Katiba. Na kumuuliza kijana waziwazi kama amefikiria kujiua hakumpandikizii wazo hilo. Humfungulia njia ya kusema.

Je, wajua kwamba msaidizi anaweza kuwa kijana aliyemaliza sekondari juzi tu? Mkenya Tom Osborn na wenzake waliuita mpango wao Shamiri. Wanafunzi 413 walishiriki katika jaribio lililochapishwa 2021, vikao vinne vya saa moja, vikiongozwa na vijana wa aina hiyo. Waliopata Shamiri walipungukiwa na huzuni na wasiwasi kuliko wenzao wa kundi la kulinganisha.

Na wadogo zaidi? Wajir inajua njaa; kati ya 2020 na mwanzoni mwa 2023 misimu mitano ya mvua ilishindwa kwa mfululizo. Mama hupanga foleni, na mkono wa mtoto huzungushiwa utepe wa rangi tatu. Ukisoma chini ya sentimita 11.5, ni nyekundu, na mtoto huingizwa kwenye lishe ya tiba. Lakini ipo tiba nyingine, ya mchezo. Kule Kingston, Jamaika, katika miaka ya 1980, Sally Grantham-McGregor aliwatuma wahudumu wa afya ya jamii kwenye nyumba za watoto waliodumaa. Saa moja kila wiki kwa miaka miwili, walimwonyesha mama jinsi ya kucheza na mwanawe kwa vitu vilivyotengenezwa kwa mikono. Watoto hao walipofika miaka 17 na 18, wasiwasi na huzuni vilikuwa vimepungua kwao kuliko kwa waliodumaa bila kutembelewa. Walipofika 22, mapato yao yalikuwa juu kwa takriban asilimia 25.

Foleni ya Buna ipo tayari, na mama ameshafika. Utepe ukishatolewa mkononi, muuguzi anaweza kuchukua chupa tupu ya maji, akatia kokoto tatu, akafunga kifuniko, na kumwomba mama aitikise yeye kwanza.